Kidole Shavuni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, mama. Ipokee kwanza hiyo kabla hujaanza kutafuta miwani, kisha kaa vizuri, usogeze cherehani pembeni, maana barua hii ni ndefu na sitaki uisome huku mguu mmoja uko kwenye kanyagio. Goti linaendeleaje? Na macho? Kaka ameniandikia kwamba siku hizi uzi unautunga kwenye sindano kwa kubahatisha, halafu ukiulizwa unakasirika. Mimi ni mzima kabisa. Jua limenichoma, saruji imenikausha mikono mpaka nikijikuna najichubua, lakini nakula, nalala, na nina furaha ambayo imenifanya nianze barua hii na kuichana, nianze na kuichana, mpaka mwenzangu wa chumbani akaniuliza kama naandika barua au nachambua mahindi.

Barua yako ya mwisho nimeisoma mpaka mikunjo yake imeanza kukatika. Habari za shangazi nimezipata, za paa linalovuja nimezipata. Lakini kuna sentensi moja uliiweka mwishoni kabisa, kama mtu anayesukumia kitu uvunguni akidhani wageni hawataona. Uliandika kwamba nikija kuoa nisijisumbue kukutafutia chumba kwangu, kwamba wewe utabaki hapo hapo unaposhonea, maana umechoka kuwa kiti katika nyumba za watu.

Kiti, mama! Neno hilo nimelirudia kusoma mara kumi. Na najua umelitoa wapi, maana nilikuwepo Jumapili ile kwa kaka. Meza imejaa, watu wanacheka, midomo inakwenda, na wewe usiyesikia tangu utotoni umeketi katikati yao unatabasamu wakitabasamu, hujui kilichochekesha ni nini. Shemeji si mtu mbaya, simsemi. Lakini miaka yote hii, akitaka kukuambia chakula kiko tayari, anakugusa bega na kunyoosha kidole mezani, basi, mazungumzo yamekwisha. Siku ile tukirudi nilikuahidi kwamba nyumbani kwangu hataingia mtu ambaye huwezi kuongea naye. Ukanipiga kikofi begani, ukaniambia kwa mikono kwamba basi nitazeeka bila mke. Lishike hilo, mama, usiliache, kwa sababu barua yote hii ni jibu lake.

Sasa habari za kazi. Uliniuliza tunajenga nini hasa, maana kaka amekueleza kwamba mimi napika mafuta kiwandani. Kaka naye kwa kuongeza chumvi! Kiwanda ni jirani yetu tu, ukuta kwa ukuta. Kina mabomba yaliyopindana kama matumbo, minara inayotoa mvuke, na ngurumo isiyokatika mchana wala usiku. Wao ndio wanaopika mafuta na gesi, zikatoka malighafi za plastiki na rangi na sijui nini tena. Sisi ni watu wa zege. Tunakiwekea kiwanda miguu: misingi ya matangi mapya, vitako vya mashine za kusukuma mafuta, mitaro, na kuta nene za kuzunguka matangi, ili siku tangi likivuja mafuta yabaki humo humo kama maji kwenye beseni, yasiende kuua mashamba ya watu. Ndiyo maana zege letu halitakiwi kuwa na ufa, hata wa kupitisha unywele. Kila kipande kinamwagwa kwa mkupuo mmoja. Ukichelewa katikati, la chini likashika kabla la juu halijafika, hapo umeweka mshono, na wewe fundi cherehani huhitaji kuelezwa mshono mbaya unavyomwaibisha mtu.

Simu tunaziacha getini, na redio za kuongelea haturuhusiwi kuingia nazo, kwa sababu ya gesi ya jirani. Hawataki cheche ya aina yoyote. Halafu weka juu yake kelele. Kiwanda kinanguruma, pampu inanguruma, magari ya zege yanazungusha matumbo yao, na zile mashine za kutikisa zege lishuke vizuri kati ya nondo zinalia kama nyuki waliokasirishwa. Ukimpigia mwenzako kelele kwa hatua mbili tu anaona meno yako, basi. Siku ya kwanza wageni wote tulipoingizwa, wenzangu walikuwa wanashika masikio, wanatoleana macho, wanaulizana nini, nini? Mimi nikasimama pale nikatazama huku na huku, nikajisikia niko jikoni kwetu. Mahali pazima hapana anayesikia! Mama, ungekuwepo siku ile ungepewa ubosi kabla ya saa nne.

Kwa hiyo tunafanya kazi kwa ishara. Injinia, kijana mmoja mpole asiyeacha kalamu sikioni, alitufundisha ishara za kazi kutoka kwenye karatasi: ngumi hivi, kidole hivi, kiganja hivi. Nilizishika zote siku hiyo hiyo. Msimamizi wetu, tunayemwita Mzee Pole ingawa hajawahi kufanya jambo lolote polepole, akaona mikono yangu inavyokwenda, akanitoa kwenye kubeba mbao, akanipandisha juu. Nikawa mwelekezaji. Kazi yangu ni kusimama pale zege linapodondokea na kumwonyesha mwendeshaji wa pampu alete, apunguze, asogeze au asimamishe. Wenzangu wameshanibatiza, naitwa Mikono.

Nimefika kwa mwendeshaji wa pampu. Hapa, mama, soma taratibu.

Pampu ni lori lenye mkono mrefu wa chuma unaojikunja na kujikunjua juu ya vichwa vyetu, na mwisho wake unaning'inia mpira mnene unaotapika zege. Mwendeshaji haketi ndani ya lori. Anasimama chini, mbali kidogo, amejifunga kisanduku cha vitufe tumboni kama mama aliyembeba mtoto mbele, anachezesha vidole, na lile dude lote linamtii. Wa kwetu tunamwita Rimoti. Ni mwanamke. Mrefu, mweusi wa kung'aa, hana mchezo kazini, na kicheko chake hata mimi sijakisikia vizuri kwa sababu ya kelele, ila nakiona. Anaanzia mabegani.

Wiki yangu ya kwanza juu ya mbao tulikuwa tunamwaga ukuta. Kona moja ikabaki na njaa, zege halijafika, na la chini linaanza kukaza. Nikahangaika. Na wewe unanijua, mama, mimi nikihangaika mikono inakimbilia nyumbani. Karatasi yote ya injinia ilinitoka kichwani. Nikamkazia macho Rimoti, nikapitisha kidole shavuni, polepole, kutoka chini ya jicho mpaka kidevuni, kisha nikaonyesha pale chini ya miguu yangu. Yaani ile yako ya mezani! Tamu, niongeze hapa!

Pampu ikazima.

Nikarudia. Kidole shavuni, haya, ongeza. Watu wakaanza kunitazama. Nikaongeza na tabasamu kidogo ili aone sina ubaya. Loo! Rimoti akakifungua kile kisanduku, akakiweka chini, akapanda ngazi hadi nilipo, akanishika kola, akanivuta sikio lifike mdomoni kwake, akaniuliza kama nimekuja kazini au nimekuja kutongoza. Nilitamani lile zege linimeze niwe sehemu ya ukuta. Nikamjibu kwa sauti ya kilio kwamba nilikuwa naomba zege. Akaniuliza, zege la shavuni? Mzee Pole naye kashafika, anaruka ruka kama kakanyaga moto, anaonyesha kona, anaonyesha saa. Rimoti akashuka, akawasha, kona ikajaa kwa bahati. Lakini siku nzima, kila niliyekutana naye alinipitishia kidole shavuni na kunikonyeza.

Wakati wa chakula nikamfuata kumwomba radhi. Tulikaa nyuma ya marundo ya mbao, ambako kelele inapungua kidogo. Nikamweleza kwamba ile ni ishara ya mama yangu, kwamba mama yangu hasikii, kwamba sisi nyumbani tuna lugha yetu ya jikoni ambayo haimo kwenye karatasi ya injinia wala ya mtu yeyote. Nilidhani atacheka au ataniambia pole, kama watu wanavyoniambia pole. Hakufanya moja wala jingine. Alitafuna, akameza, kisha akaniuliza, chai mnasemaje? Nikamwonyesha. Akairudia. Akakosea, nikamrekebisha kidole gumba. Akairudia tena. Kesho yake akaniuliza mvua. Kesho kutwa akaniuliza uongo. Alipofika kwenye kuuliza "jirani mwenye maneno mengi" nikajua huyu si mtu wa mzaha.

Na ishara zako hazikuishia kwetu wawili. Tatizo la ishara za karatasi ni kwamba ukivaa glavu, na jua liko usoni, ngumi ya "simama" na ngumi ya "leta" kwa mbali zinafanana. Injinia mwenyewe ndiye aliyeligundua, akaja kuniuliza kwa nini Rimoti ananielewa haraka kuliko anavyowaelewa wengine. Nikamwonyesha za kwako. "Polepole", ya kujipapasa mgongo wa mkono kama unambembeleza paka. "Imetosha", ya kusugua tumbo. Na ile kubwa kuliko zote, mikono miwili inayopishana na kupiga kifua, pa! Ile uliyotupigia mimi na kaka tulipokuwa tunasogelea jiko la moto. Injinia akaenda mbali kabisa, mwisho wa eneo, akaniambia nizifanye, akarudi anacheka. Wiki hiyo hiyo alizichora na kuzibandika kwenye ubao getini. Kuna mchoro wa mtu mwenye kofia ngumu anasugua tumbo, na mtu asiyejulikana ameandika chini yake kwa chaki: tumeshiba. Kwa hiyo ujue, mama, kwamba hapa kuna wanaume wenye ndevu zao, wafunga nondo na madereva, wanaoongea kwa mikono yako kuanzia asubuhi mpaka jioni. Mwanzoni walikuwa wanaiita "lugha ya Mikono". Nikawakatalia. Sasa wanaiita "lugha ya Mama".

Nataka nikueleze siku ya msingi wa tangi kubwa, kisha nikuambie lile la moyoni.

Tulianza alfajiri. Magari ya zege yalipanga foleni mpaka nje ya geti, na msingi wenyewe ni duara pana, unaweza kuweka nyumba yetu, ya kaka na ya jirani wa kushoto, na nafasi ya kuanikia nguo ikabaki. Lilikuwa linapanda vizuri. Mimi niko juu ya mbao, nasikia zege linavyotulia kupitia soli za viatu, vile unavyoisikia cherehani yako kwa mguu kabla haijakata uzi. Na ndivyo nilivyojua. Ubao ule uliokuwa chini yangu ulikuwa unatetemeka kama kawaida, mara ukaacha kutetemeka na kuanza kusukuma. Nikainama kutazama ubavuni mwa msingi. Mbao zinazolishikilia zege zimetoa tumbo, gogo moja la kuegemeza limeteleza kwenye tope, na chini yake, chini kabisa, wapo wanaume wanne wanakaza vyuma, migongo yao iko upande wetu, hawaoni kitu. Na pampu inaleta, mama, inaleta zaidi!

Nikageuka kwa Rimoti. Simwoni! Gari la zege limerudi nyuma likasimama katikati yetu. Nikapiga kifua, pa, mikono imepishana, pa, pa, huku ninachokiona ni ubavu wa lile gari tu. Na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sitalisahau. Mfunga nondo aliyekuwa karibu yangu akaniona, naye akapiga kifua, kaelekea upande wa pili. Aliyefuata akaiona ya kwake, akapiga. Mwenye mashine ya kutikisa akaiacha iangukie humo, akapiga. Ishara ikazunguka duara lote, mtu kwa mtu, mikono inapishana vifuani, hadi ikatokea upande wa pili wa lile gari, mbele ya macho ya Rimoti. Pampu ikazima palepale. Kati ya wale wanne wa chini, mmoja aliinua kichwa akaona watu wote juu wamepishanisha mikono, akawavuta wenzake mashati, wakatoka mbio. Gogo likaanguka pale pale walipokuwa wamechuchumaa.

Hakuna aliyeumia, mama. Hata kucha. Mzee Pole aliketi chini kwenye tope, mzima mzima, akafuta uso kwa kofia. Injinia akashuka kukagua, akaamua kwa haraka, magogo mapya yakaletwa, mbao zikakazwa, naye anagusa gusa zege kila dakika kuona kama bado halijashika. Bado lilikuwa laini. Akanitazama, akapitisha kidole shavuni. Injinia! Mbele ya watu wote! Tukamwaga mpaka jioni, na msingi ukatoka kitu kimoja, hauna mshono. Wale wanne walikuja kunishika mkono. Niliwaambia ishara si yangu, ina mwenyewe, anashona nguo. Wamenituma nikusalimie, na mmoja anauliza kama unapokea vipimo vya suruali kwa barua.

Nimezunguka vya kutosha. Nasema sasa.

Jioni ile watu walipokwenda kunawa, mimi nilibaki nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nafungua kamba za viatu. Rimoti akaja, kisanduku bado kiko tumboni. Akajionyesha yeye, akanionyesha mimi, akaunganisha vidole juu ya kichwa vikawa paa. Nyumba. Kisha akanyoosha kidole, akakipitisha shavuni, polepole, kutoka chini ya jicho mpaka kidevuni. Mimi zuzu nikamuuliza, niongeze nini? Akacheka kwa mabega. Akanisogelea sikioni, akaniambia kwamba hii si ya mama, hii ni ile niliyomwambia siku ya kwanza, vile alivyoielewa yeye.

Na unajua mwanao alijibu nini? Nilitaka kumwambia nimeridhika, moyo umejaa, sina ninachohitaji tena duniani. Mikono ikakimbilia nyumbani kama kawaida yake, nikasugua tumbo. Imetosha! Rimoti akatazama lile tumbo, akageuka, akaanza kuondoka. Nikamkimbilia na kamba za viatu zimefunguka, nikaanguka kifudifudi kwenye mchanga, naye akageuka kutazama, nikajipindua na kumpigia kifua, pa, simama, simama, nikiwa nimelala hivyo hivyo. Akasimama. Amenisamehe, ila amesema hilo atalisimulia mpaka kwa wajukuu.

Ndiyo, mama. Nina mchumba. Nimekuficha muda wote huu kwa sababu sikutaka uje upewe mtu mwingine wa kukugusa bega na kukuonyesha meza. Nilitaka kwanza nimwone akikosea, achoke, aendelee. Ameendelea. Nilipomsomea ile sentensi yako ya kiti aliniambia sharti lake ni moja tu: mama akae nasi, tena chumba chenye dirisha, cherehani iwe kwenye mwanga. Nikamwambia asiseme hivyo kwa kunihurumia. Akaniuliza, sasa wewe ukigeuka kisogo, mimi nitakusengenya na nani?

Anakosea bado, nikwambie ukweli. "Kesho" yake inafanana na "kitunguu". Ukimpa nafasi anaongea kwa mikono huku ana kikombe mkononi, na nguo za jirani zinalowa. Lakini anaongea, mama, haachi kuongea. Kuna kitu kimoja amenikatalia. Nilitaka kumpa jina la mikono, la kumwita kwa ishara, kama wewe ulivyonipa mimi la kuvuta sikio. Akasema majina hayo anayatoa mwenyewe mwenye lugha, yeye atasubiri. Kwa hiyo mtazame vizuri kabla hujaamua, na tafadhali lisiwe jina la kitunguu.

Nisalimie kaka, mwambie sijapika mafuta hata siku moja. Nisalimie shemeji kwa moyo mweupe. Rimoti anasema "chakula tayari" ni rahisi, atamfundisha mwenyewe. Shangazi mwambie aache kunitafutia. Funika cherehani paa linapovuja, na goti lipake dawa hata kama linanuka.

Usiniandikie jibu. Injinia ametupa ruhusa, tunakuja Jumamosi ya kwanza baada ya barua hii kukufikia. Na hatutakutumia mtu kukugusa bega. Unaijua swichi ile tuliyokufungia nje ya mlango kwa kuwa hodi huisikii: kaka anazima taa yako mara moja, mimi mara mbili. Nimemweleza Rimoti ilipo, nikamchorea na ukuta. Jumamosi mimi nitabaki barabarani na mizigo.

Taa ikizima na kuwaka mara tatu, mama, inuka ukafungue. Ni mtu wako wa kuongea naye.

Mwanao akupendaye,
yule wa kuvuta sikio